Vidonge vya Mama si vya Milcah

Kaka Mwidani, shikamoo.

Samaki wako ~~nimempa paka~~ nimemfunika jikoni. Baba mpe uji.

Nimempeleka Mama kwa daktari. Asubuhi ameanguka penye mtungi, mdomo umemkauka, hata mimi hanijui. Ni wewe uliyempa vidonge vitatu vya huzuni, ati jirani yetu Milcah humeza vitatu na sasa anacheka! Daktari alisema siku ile alipompa vidonge, mwingine dawa humtoka upesi, mwingine humkalia mwilini. Mama kimoja chamtosha. Nilikwambia, ukanijibu, "Hebu nyamaza, daktari wa darasa la nne." Nikanyamaza, na wallahi najuta.

Chupa nimeichukua. Kuanzia leo vidonge vyake nampa mimi. Ukivigusa, nitasema kwa mdomo wangu, mbele ya Baba.

Nduguyo mdogo,
Mwanasaumu