Mpaka Mama Apande

Baba,

Banda lako bado letu, ingawa kuna watu wanalimezea mate. Ami Bakari, ndugu yako, hupita kila baada ya swala ya alasiri kuniuliza kama ile mashua uliyoiacha mbavu tupu, nikaimaliza peke yangu, imepata mnunuzi. Huuliza kwa sauti ya huruma, na huruma yake siiamini. Wakala wa maboti ya faiba kule Ras Kitau anatafuta pa kuyaweka, na nimewaona yeye na Ami wakicheka pamoja. Bila pesa za mashua nisingeweza kulishikilia banda, lingekwenda kwa wakala huyo.

Niliweka picha kwenye Wasapu. Watu wakasifu, wakaja kuitazama, wakagonga mbao, wakakumbuka ghafla kuwa wana shughuli. Wote! Nikasema hapa pana mkono wa mtu.

Aliyenikera zaidi ni Bwana Shee wa Shela, yule anayevusha wageni wa hoteli. Alinusa mbao. Alipitisha ukucha kwenye kila kiungo. Alilala kifudifudi mchangani akapiga picha za chini. Nikamwapia kuwa ni mbambakofi mtupu, hakuna ubao wa kubabaisha. "Yeo nina haraka, takuya tena," akasema, na kweli akaja, akagonga upya, akaenda zake. Sikuwa na shaka tena kuwa ametumwa na wakala.

Siku moja nikageuka nikuulize wewe tufanyeje na mtu huyu, halafu... Bado nageuka, Baba. Sijui nitaacha lini.

Mwishowe nikamkabili gatini, nikamwuliza nani amemtuma. Akaniangalia kwa hasira.

"Hakuna alonituma," akasema. "Babako hakuuza chombo mpaka mamako apande kwanza. Weye umekishua naye yuko edani. Haraka ya nini? Watu wasema ulimkimbia."

Kweli ulikuwa ukimkalisha Mama kule mbele, na buibui lake na tambuu yake mdomoni, mkazunguka naye mpaka mnunuzi aridhike. Mimi nilidhani ni mapenzi yenu tu. Kumbe hiyo ndiyo iliyokuwa dhamana, na mimi niliishusha mashua majini huku Mama yumo ndani anakulilia, hawezi kutoka.

Eda ilipokwisha nikamwomba. Akaendelea kuchambua mchele mpaka ukaisha, hata nikaanza kumshuku na yeye. Kisha akavaa buibui, tukashuka pwani. Bwana Shee alikuwa akingoja, na Ami Bakari kando yake, ingawa sijui nani alimwalika. Nilipomshika Mama kumpandisha, mkono wangu ukagusa kitu kigumu ndani ya buibui. Lilikuwa kopo la jikoni, la kuchotea maji mashua ikivuja.

Kwenye vyombo vyako hakuwahi kuja na kopo.

Iliniuma, sikufichi. Nikatweka tanga, tukazunguka, Mama amekaa pale pake pa siku zote, uso hausomeki. Tuliporudi akainama, akapapasa sakafu chini ya miguu yake. Kukavu. Akajipangusa mkono kwenye buibui hata hivyo.

Bwana Shee akaichukua mashua siku ile ile. Ami akanipa hongera, na hongera yake nimeiweka kando kwanza mpaka niijue vizuri.

Mama hajataja kopo, nami sijamwuliza. Nililikuta jikoni, limerudi kwenye msumari wake. Nilitaka kulificha, nikaliacha.

Mungu akunawirishie kaburi lako, Baba. Nimeshalaza mkuku, ule uti wa chini, wa mashua nyingine pale pale ulipokuwa ukilaza yako, na safari hii sitaki haraka. Nakuahidi: siku nitakayoishua, Mama atapanda mikono mitupu.

Mwanao