Maandishi ya Mlangoni

Molo, 4 Februari 2024

Binti yangu Chelimo,

Sisi wazima, ila baridi inatuuma kama kawaida yake. Huko Nagano unakula ukashiba?

Nimenunua lori dogo la kubebea viazi, limetoka huko huko Japani. Mlangoni lina maandishi makubwa mekundu. Picha imo ndani ya bahasha. Mimi ni mzee wa kanisa, siwezi kuendesha kitu nisichokielewa. Jirani yetu Kamande anasema ni jina la pepo, na amekataa kulipanda. Mchungaji Muiruri atalibariki Pasaka. Nimeshawaambia wote kwamba mtoto wangu anasoma Kijapani kama maji. Hebu tuambie.

Baba yako

Nagano, 2 Machi 2024

Baba mpendwa,

Chamgei. Mimi mzima, ingawa baridi ya Molo ni mtoto mbele ya hii.

Picha nimeikalia kwa aibu. Baba, siwezi kuisoma. Hawa watu wana maandishi aina tatu, na wanayachanganya kwenye sentensi moja! Mbili ni za sauti, hizo nazijua. Mojawapo ni ya maneno ya wageni: kabichi wanaiita kyabetsu, maziwa ni miruku. Ni kama sisi, neno la ng'ambo halikai mpaka liongezewe irabu. Hata jina langu linaandikwa kwa hizo za wageni. Lakini aina ya tatu waliitoa China, kila alama na maana yake, na ni zaidi ya elfu mbili. Mlango wako umejaa hizo.

Mtihani wa lugha wa Desemba nilianguka. Nikianguka tena Julai, narudishwa nyumbani. Niliogopa kuwaambia. Matroni wa bweni letu anaweza kunisomea huo mlango kwa dakika moja. Nimwombe?

Binti yako

Molo, 7 Aprili 2024

Binti yangu,

Tuko salama. Mama yako alilia kidogo, kisha akaenda kukamua.

Usimwombe mtu! Unakumbuka nilivyoingia gumbaru, darasa la watu wazima, na miaka hamsini na miwili, nikakalia dawati la watoto magoti yakigusa kidevu? Mwalimu Rahab aliandika jina langu ubaoni, nikamwambia hapo amepita kuku. Lakini barua yako ya kuitwa kidato cha kwanza niliisoma mimi, herufi kwa herufi. Wewe ulijua kila neno, ukaninyamazia mpaka nikamaliza. Sasa ni zamu yangu kungoja.

Lori limebarikiwa hivyo hivyo. Mchungaji aliyapaka maandishi mafuta, akasema Mungu anasoma lugha zote.

Baba yako

Nagano, 1 Septemba 2024

Baba,

Chamgei. Natumaini uko na afya, hasa ya moyo.

Nimepita! Picha yako niliibandika juu ya kitanda, na alama ya mwisho nimeijua Alhamisi. Mwambie Kamande hakuna pepo. Sasa keti chini. Imeandikwa: "Pombe ya mchele. Onja moja, ya pili itakuja yenyewe."

Samahani, Baba. Nunua rangi.

Binti yako

Molo, 22 Septemba 2024

Binti yangu Chelimo,

Sisi wazima, na furaha imetujaa mpaka ng'ombe wameshangaa.

Leo nilisimama kanisani nikasoma barua yako, bila kukwama, mpaka kwenye pombe. Halafu Mchungaji, yule yule wa mafuta, akaketi kwenye ngazi za madhabahu akacheka mpaka akashika mbavu. Kamande sasa ndiye wa kwanza kuomba lifti.

Wazee wenzangu wameamua niyafute maandishi, na sibishi. Nimewaomba tu wangoje mpaka uje likizo Desemba. Nataka usimame mbele ya huo mlango, uusome kwa sauti. Kila neno nitakuwa nalijua, lakini nitanyamaza mpaka umalize.

Baba yako