Mwano Nilioupiga Mtoto Akiwa Mgongoni

Mayu,

Mwangaluka. Najua hutaitika, lakini ulinilea hivyo, siwezi kuanza kuongea na mtu mzima bila kumsalimu.

Nina hasira na wewe, mama. Tulikuwa tunachuma pamba, unanitania kwamba nachuma kama mke wa mwalimu, mara ukanyamaza. Kugeuka, uko chini kati ya mistari. Nilikushika kichwa mpaka watu wakaja. Ungeaga basi, hata kwa kukohoa!

Tangu siku ile mwili wangu umenisusa. Inaanza masikioni: sauti zinaenda mbali, kama watu wanaongea ng'ambo ya mto. Moyo unakwenda mbio, viganja vinalowa jasho, halafu ganzi inapanda kutoka vidoleni. Naitazama mikono yangu ikisonga ugali, najiuliza ni ya nani. Michembe ya viazi uliyotuachia nikiitafuna ni chaki tupu. Maganda makavu ya pamba yananichana, sisikii kitu. Mpaka nione damu kwenye pamba ndiyo najua nimeumia. Masanja anasema pamba safi naigeuza fifi, ile chafu ya bei ya chini. Mume gani huyo, anaona pamba tu!

Juzi ndiyo nimeharibu kabisa. Nilimbeba Minza mgongoni, nikawa nafagia uani. Ikanijia. Uzito wa mtoto ukapotea, joto lake likapotea. Natazama kwenye mkeka, hayupo. Ndani, hayupo. Nikakimbia hadi kisimani. Nikajua ameibwa, Mayu, nikapiga mwano, ukelele wa kuita kijiji kizima.

Unajua mwano wa kwetu. Wanaume waliacha majembe wakaja na fimbo na pinde, wengine wakaziba njia ya kwenda Bariadi. Jirani yetu mama Maduhu ndiye aliyenishika mabega: "Kabula, mtoto si huyu hapa mgongoni?" Amelala fofofo.

Anayepiga mwano wa uongo hutozwa faini. Mimi hawakunitoza. Walichukua fimbo zao wakaondoka, hata kunitukana hawakunitukana, kama mtu anavyomwacha mwenye wazimu. Hapo ndipo niliogopa kweli.

Sasa mama mkwe ametuma ujumbe kutoka Maswa. Jumamosi anakuja kumchukua Minza, mpaka eti akili za mama yake zirudi. Masanja anatazama chini tu. Wakimchukua huyu, mimi nabaki na nini? Wapo wanaosema ni wewe unanidai pombe ya tambiko. Nikawaambia mama yangu hata togwa alikuwa hanywi, leo ndiyo aanze ulevi? Nesi wa zahanati yeye amesema sina wazimu. Anasema mtu akipatwa na jambo zito, mwili unaweza kujifunga hivi. Ikinianza nikanyage chini kwa nguvu, nitie mikono kwenye maji baridi, nitaje ninavyoviona. Kuna siku inasaidia. Kuna siku naona namnawisha mtu mwingine.

Leo asubuhi nilikuwa namnyonyesha, masikio yameshaanza kuziba. Akaning'ata! Ameota meno mawili chini, makali kama wembe. Yalaa! Nilipiga ukelele Masanja akaja mbio, akidhani ni mwano mwingine. Nikamwambia inauma. Inauma, Masanja! Nikacheka, halafu nikaanza kulia. Nilikulilia wewe, Mayu. Tangu tukuzike nilikuwa sijatoa chozi. Masanja akakaa chini pembeni yangu, na safari hii alinitazama.

Jumamosi mama mkwe akifika nitampokea mzigo, nitampa maji ya kunywa, halafu nitamwambia: kama anataka kutusaidia, abaki hapa hapa aniangalie na mimi. Mtoto hatoki. Anaweza kukataa, unamjua alivyo.

Nakuahidi sitaficha tena. Ikinianza nitamwita mtu, hata kama ni mama Maduhu na mdomo wake ule, na kwa nesi nitarudi. Ganzi inaweza kuja tena, najua.

Pumzika, Mayu wangu. Ziwa bado linaniuma, na Minza analilia kunyonya tena. Naenda kumpa.

Mwanao,
Kabula