Niliisikia Injini Ikigonga

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya tatu na gari la Mama Naserian. Gari kuukuu, injini ya kupachikwa kutoka gari jingine, kompyuta ya injini inakubali kuchezewa. Nimeunganisha laptop tangu asubuhi. Napunguza mafuta kidogo, nawasha, nasoma namba, napunguza tena.

Mama ni mkunga mstaafu, anakaa juu huko mlimani, kupita Ngaramtoni. Barabara ikiwa tope, ni gari lake linaloshusha wajawazito hadi hospitali. Ombi lake ni moja: lisinywe sana. Sasa linakwenda kilomita saba kwa lita. Nimemwahidi kumi.

Jumatano, 5 Machi

Kilomita tisa na nusu kwa lita. Hiyo nusu iliyobaki inanitesa.

Nimewahisha cheche za plagi. Nimepunguza mafuta hata pale injini inapobeba mzigo, mahali ambapo najua hapaguswi. Nikalipandisha mlimani kulijaribu. Kumi na robo. Kwenye kona ya mwisho nikasikia injini ikigonga, dalili kwamba inaumia. Kwa mbali, kama kokoto ndani ya kopo.

Nikafungulia redio.

Nimepiga picha ile namba na kuiweka kwenye kundi la mafundi mtandaoni. Pongezi zimemiminika.

Ijumaa, 7 Machi

Mama amechukua gari. Aliniwekea mkono kichwani, akanibariki. Sikumwambia kuhusu kule kugonga. Sifa zilikuwa zimenijaa.

Jumatano, 12 Machi

Siku mbaya.

Jana, mvua ikinyesha, Mama alikuwa anamleta hospitali Nembris, binti wa jirani, mimba ya kwanza. Wakipanda kutoka korongoni injini ikagonga kwa nguvu, ikatoa moshi, ikazima. Mtoto amezaliwa kiti cha nyuma. Nembris alivuja damu nyingi. Wanaume walimbeba kwenye blanketi hadi barabara kuu. Hospitali wamemwongezea damu. Yuko hai, na mtoto yuko hai.

Gari limevutwa na trekta hadi gereji kwangu. Mama akaja nalo, gauni limejaa tope. Nilimwamkia shikamoo. Badala ya kuitikia akasema, "Nisamehe, fundi. Nimekuharibia kazi yako nzuri. Labda niliwekewa mafuta mabaya."

"Labda, mama," nikajibu.

Ndivyo nilivyosema. Naandika neno hilo nilione.

Alhamisi, 13 Machi

Nimefungua injini. Pistoni ya tatu imetoboka. Si mafuta. Ni mimi.

Fundi mwenzangu alipita, akatazama, akasema mafuta ya siku hizi yanaua magari. Nikaitikia kwa kichwa. Mara ya pili. Najichukia.

Jumamosi, 15 Machi

Nimepanda kwake kwa miguu. Alikuwa uani anachambua maharage. Nilimweleza yote: kompyuta, mafuta niliyopunguza, ile namba niliyoitaka.

"Ulipolijaribu, uliisikia ikigonga?"

"Niliisikia, mama."

Akachambua maharage muda mrefu. Nilitamani anitukane.

"Mimi nilikuomba msamaha," akasema, "nawe ukaupokea."

Akaniambia Nembris naye ausikie ukweli kutoka kinywani mwangu.

Jumapili, 16 Machi

Nimekwenda baada ya ibada. Nembris alirudi nyumbani jana, midomo imepauka, mtoto kifuani. Alinisikiliza bila kuinua uso. Mama mkwe wake akafunga mlango. Ana haki.

Kwenye kundi la mafundi nimeandika ukweli, na picha ya pistoni. Wachache wamejibu. Mmoja amecheka. Sijafuta.

Jumanne, 25 Machi

Pistoni bado haijapatikana. Mama amepiga simu saa mbili asubuhi: kuna mwanamke huko Olmotonyi, uchungu umeanza. Hakusalimia. Nimekwenda na gari langu.

Mama na yule mwanamke walikaa nyuma. Niliendesha taratibu. Njia nzima Mama alisema neno moja, nipunguze mwendo kwenye matuta, nami nikapunguza. Tulipofika hospitali wakaingia ndani. Nikakaa kwenye benchi nje. Ukungu ulikuwa umeufunika Mlima Meru wote.

Mchana akatoka, akakaa upande wa pili wa benchi. Amejifungua salama, alisema, mtoto wa kiume. Baadaye akaniuliza kama nimekula.