Kopo la Nyuma ya Maktaba

Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umesimama kwa miguu yote miwili, na lile goti lako korofi limeacha kukuamuru. Shemeji mwambie bado nacheka na meno ninayo. Mwili wangu mzima. Kichwa ndicho kinachohitaji fundi, na aliyekiharibu ni mwanao, huyo mkutubi wetu.

Unanijua mdogo wako. Nimeendesha lori nchi tano, na askari wa mipakani walikuwa wakinipigia saluti. (Wengine walikuwa wanafukuza nzi, lakini mkono ulifika kichwani.) Kote huko sijapata kuona watu wazima, wenye akili na mishahara, wakitambaa kwenye maua kwa ajili ya kopo!

Ulishasikia kwamba halmashauri ilisema maktaba haina watu, inataka kuigeuza ghala la saruji, na afisa angekuja kuipima. Ingefungwa, mwanao angerudi kwako dukani. Basi badala ya kulia, akabuni mchezo. Akaficha makopo mjini, na mahali pa kila kopo pakaingizwa kwenye simu, yale mambo ya setilaiti. Simu inakufikisha karibu, macho yanamalizia. Ndani ya kopo kuna fumbo, jibu lake limo kwenye kitabu cha maktaba, na jibu hilo ndilo linalokupeleka kwenye kopo jingine. La mwisho alilitia kwenye tundu la ukuta, nyuma ya maktaba, katikati ya bustani yangu. Mimi mtunza bustani nani aniulize?

Wakaja, dada. Kinyozi ameacha kibao cha "narudi sasa hivi" mlangoni tangu asubuhi. Nesi mstaafu anachokoa miche yangu kwa fimbo. Mwalimu wa hesabu akaniamuru nisogee, eti simu inamwambia hazina iko chini ya kiti changu. Nikamjibu hazina iko juu ya kiti, na ndiyo inayozungumza naye. Hakucheka. Watu wa mchezo huu hawacheki.

Wiki ya afisa kuja, kopo la mwisho likawa halionekani. Nikajua mchezo umekufa. Dereva akikuta daraja limekatika, si anageuza gari? Hawa hawakugeuza! Wakasema fumbo wamelielewa vibaya, wakarudi ndani kusoma upya. Walimsihi mwanao awaonyeshe walau upande, akakataa. Hata kukanyaga kule nyuma hakutaka, wasije wakafuata macho yake. Kinyozi akamaliza kitabu kizima cha ufugaji wa nyuki, akaanza kingine kwa hasira. Nesi na mwalimu wakagombania kitabu cha mito mpaka wakakalishwa benchi moja kama watoto watukutu.

Afisa akafika na tepe yake ya kupimia. Hakupata pa kukaa. Akauliza kwa kunong'ona msiba ni wa nani. Alipoelezwa, akaikunja tepe na kumwuliza kinyozi kama amejaribu rafu ya juu. Saruji itatafuta pa kulala kwingine, dada. Maktaba haifungwi.

Hapo mwanao, kwa furaha, akawachukua wote nyuma kuwaonyesha kopo lililowashinda. Akatia mkono tunduni. Ukatoka na utando wa buibui. Kinyozi akamwita tapeli mbele ya watu, na yeye akabaki ameukodolea macho mkono wake kama si wake.

Kwa jinsi tulivyopanga mimi na wewe kwenye simu, nilitakiwa ninyamaze. Ulinililia nikuvunjie mchezo ili mtoto arudi, na machozi yako yananishinda tangu tukiwa wadogo. Ndiyo maana wiki ile nililichomoa kopo, nikalizika kwenye gunia la mbolea. Lakini ile sura yake, dada, sikuiweza. Nikalifukua mbele ya wote, nikamkabidhi likinuka, nikasema mwizi ni mimi. Walichoniita sikiandiki, karatasi hii ni safi.

Jioni akaniuliza kama kuna aliyenituma. Nikasema hakuna, ni ujinga wangu tu, nilichoka kukanyagiwa maua. Kwa hiyo kanuna. Ananipita ukumbini kama kabati, na chai najipikia, nami chai yangu unaijua.

Wewe hujui kitu, umenisikia? Barua hii nampa dereva mwenzangu aje nayo leo leo, maana Jumamosi mwanao atakupigia kukupa habari zake njema. Anasema wa kwanza kufurahi atakuwa mama. Basi furahi, dada. Furahi kwa sauti, hata moyo ukikataa.

Wasalimie wa nyumbani na majirani, hata yule anayenidai jeki yake. Goti likandwe.

Ni mimi mdogo wako, tumbo moja,
Breki