Alichokula Kitoga

Mjukuu wangu Salumu,

Asalaam aleikum. Sisi huku Ngorongo wazima, na mama yako mdogo kajifungua binti mwenye sauti kama ya mwadhini. Umeniuliza mbona samaki wa huko kwenu wanaikataa ndoana yako.

Enzi za Mwingereza, nikiwa bado bibi harusi mgeni, wifi yangu naye aliolewa. Babu yako aliahidi vitoga, wale samaki wa mtoni wenye sharubu, kwa ajili ya karamu. Akavua siku mbili kwa chambo cha nyungunyungu, akarudi na kitoga mmoja tu, mwembamba. Nilipomtumbua nikakuta visamaki vitatu vyenye doa jeusi kwenye pezi la mgongoni. Walikuwa watoto wa perege.

"Mume wangu, huyu anakula hawa," nikamwambia. "Wamejaa pale tunapochota maji."

Mashemeji wakacheka. "Leo jiko linafundisha uvuvi!"

Babu yako hakucheka. Tulikwenda pamoja, nikawanasa perege wadogo kwa kanga yangu, naye akawatia ndoanani wazima wazima. Hata adhuhuri haijafika, tuna vitoga saba! Wageni wakala wakasaza.

Kesho yake mashemeji wakaja jikoni, wapole, kuuliza visamaki vile vinapatikana wapi. Nikawapa visu, kwanza watumbue samaki wa siku hiyo.

Nawe ukipata hata mmoja, usimpe mtu akutumbulie.

Bibi yako akupendaye,
Mwanahawa