Hata Mbuzi Alinishinda, Mjomba

Mpendwa Mjomba,

Salaam aleikum. Naomba gari la kwenu Sericho liwe limekufikisha salama, wewe na ule mpira wa mkojo unaouficha ndani ya kikoi.

Unakumbuka video niliyokutumia nikiwa ng'ambo, nimeketi kando naongoza roboti inayopasua mgonjwa? Uliionyesha soko zima la ngamia. "Huyu kijana ya dada yangu ndio atanitibu." Ulipoambiwa una kansa ya tezi dume, ukakataa madaktari wote. Mtu baki asikuone uchi. Ukanisubiri mimi, damu yako.

Nikarudi Isiolo, na hapa roboti hakuna. Tunapitisha vyuma virefu kwenye vitundu vya tumbo huku tukitazama kioo cha kamera. Nilijivuna kwamba nitazoea upesi. Kweli, macho yangu yaliijua njia. Roboti ilinifundisha kila mshipa ulipo. Ila chuma cha roboti kinapinda kama kifundo cha mkono. Hivi vyetu vimenyooka, na ukisukuma kulia ncha inaenda kushoto. Kukata naweza. Kushona kunanitoa jasho.

Ndivyo ulivyonikuta nyumbani kwangu Wabera, nashona utumbo wa mbuzi ndani ya boksi la mazoezi na kuuchana. Ulikaa mkekani ukacheka mpaka ukashika tumbo. "Kwani hata mbuzi imekushinda, na ishakufa?" Kisha ukaacha kucheka. "Mimi ni mzee. Jifunze na mimi, usijifunze na mtoto wa mtu."

Sikujibu. Nafikiri uliniona nimeaibika, na asubuhi ukapanda gari ukaenda zako ili usinisumbue. Mjomba, nilinyamaza kwa sababu nilitamani kukubali. Kwa muda ule niliuona mwili wako kama lile boksi. Naona aibu hata kuandika.

Rudi. Kansa bado haijatoka nje ya tezi, lakini haitangoja mimi nijue kushona. Kuna daktari mwenzangu, Mmeru, hajawahi kugusa roboti, na kwa vyuma hivi anashona kama anayefunga kamba za viatu. Yeye ndiye atakayekupasua. Mimi nitashika kamera, basi.

Najua ni mtu baki. Lakini atakukuta umeshafunikwa, limebaki tumbo tu. Kukuvua nitakuvua mimi, na kukufunika nitakufunika mimi.

Mtoto wa dada yako